Maswali na Majibu: Unamwogesha Mbwa, Kupe Yuko Ukutani

Wiki hii barua karibu zote ni za kupe. Waliouliza bei za dawa waende dukani.

Nimemwogesha mbwa kwa dawa mara tatu mwezi huu na kupe wanarudi vilevile. Nimeuziwa dawa feki? (Kimara)

Huenda dawa ni nzima kabisa. Banda umelipulizia? Mnamwogesha mbwa, halafu anarudi kulala kwenye gunia lilelile. Huyu kupe wa kahawia wa majumbani haishi kwa mbwa, huja kwake kula tu. Akitoka kwenye yai ana miguu 6. Anapanda, ananyonya, anaanguka na kujibanza kwenye ufa mpaka ajivue gamba. Anapanda tena akiwa na miguu 8, anashuka tena. Safari ya tatu ndipo jike anavimba mpaka anafanana na mbegu ya nyonyo. (Warumi waliita kupe na mnyonyo kwa jina moja, weka mbegu kiganjani utawaelewa.) Jike huyo anashuka, anapanda ukuta, anataga mayai kwa maelfu, anakufa.

Kuna mteja aliniapia kwamba banda lake ni safi. Sakafu kweli ilikuwa inang'aa. Nikamulika kwa tochi ya simu pale mbao za paa zinapokutana na tofali: wamejipanga kama dengu.

Choma gunia. Ziba nyufa kwa saruji. Mtoe mbwa, puliza kuta mpaka darini, asirudi mpaka pakauke. Rudia baada ya wiki mbili, kisha tena, maana dawa nyingi haziui mayai, na kupe mkubwa mwenye njaa anaweza kungoja miezi.

Naweza kutumia dawa ya ng'ombe? Jirani anaitumia na mbwa wake hawajafa. (wasomaji watano, kwa maneno karibu yaleyale)

"Hawajafa" si kipimo. Amitrazi, dawa ya kuua kupe, ipo ya ng'ombe na ipo ya mbwa, lakini haichanganywi sawa, na ninyi mnapima kwa kifuniko cha soda. Ikizidi, mbwa analegea, mwili unapoa, moyo unakwenda polepole. Zile za jamii ya oganofosfeti ni mbaya zaidi: udenda, kutetemeka, kuhara, kifo. Soma lebo. Kama mbwa hajatajwa, rudisha chupa. Kwa watoto wa mbwa na mama anayenyonyesha, muulize daktari wa mifugo kwanza. Paka msimguse kabisa na dawa ya mbwa. Ile yenye pemethrini inaweza kumuua. Na maji yaliyobaki usimwage mtaroni, yanaua samaki huko yaendako.

Mafuta ya taa je? Au oili chafu?

Hapana. Hapana. Na njiti ya kiberiti, kabla hujauliza, hapana.

Namng'oaje bila kumkata kichwa? (Moshi)

Kwa kibano. Mshike karibu kabisa na ngozi, vuta polepole bila kumzungusha. Mdomo ukibaki usichimbe na sindano, ngozi itausukuma yenyewe. Mtumbukize kwenye chupa ya spiriti. Hiyo tabia ya kuwaminya kwa kucha iacheni, mnajipaka vijidudu. Halafu kagua ndani ya masikio na katikati ya vidole. Mgongoni kila mtu anaangalia.

Amegoma kula siku mbili, fizi zimepauka, mkojo kama chai ya rangi. Nimdunge OTC, ile antibiotiki ya sindano? (Morogoro)

Huyu nilimpigia simu siku ileile. Usimdunge chochote, mpeleke. Mkojo wa rangi hiyo ni dalili kwamba chembe nyekundu za damu zinapasuka, na hapo daktari hufikiria babesia, homa inayoletwa na kupe, kwanza. Atachukua tone la damu ukingoni mwa sikio, alipake kwenye kioo, alitazame kwa hadubini. Kuna homa nyingine ya kupe, ehlikia, ambayo huweza kumtoa mbwa damu puani. Hiyo hutibiwa kwa doksisaiklini, kwa kawaida siku 28. Babesia ina dawa zake, na mbwa mmoja anaweza kuwa na zote mbili. Wewe na sindano yako ungejuaje? Na 28 ni 28. Mbwa akianza kula siku ya nne, vidonge vinahamia kabatini, kisha mwezi ujao naletewa barua nyingine.

Nina mbwa wadogo watatu. Ninunue kidonge kimoja cha kutafuna cha mbwa mkubwa niwagawie? (Arusha)

Usigawe. Huna uhakika kila kipande kina dawa kiasi gani. Pima uzito, nunua cha uzito huo. Ni ghali, lakini ndicho ningempa mbwa wangu. Kupe lazima aume ndipo afe, kwa hiyo ukimwona mmoja juu ya mbwa usiseme umeibiwa. Kama mbwa ana kifafa, mwambie daktari kabla.

Kupe wa mbwa huuma watoto? (Tanga)

Huuma, hasa banda likifurika. Ila kati ya barua zote hizi hakuna hata moja iliyouliza juu ya kichaa cha mbwa. Tarehe 28 Septemba ni siku yake duniani na chanjo ni ya kila mwaka, lakini mnamwogesha mbwa kila Jumamosi na kadi hamna. Barua ijayo ya kupe ianze na tarehe ya chanjo, ndipo nitajibu.