Kwa wanaoanza kazi ya mazingira Bukavu: msiishie kwenye takataka

Vijana wengi wanaojiunga na kazi ya mazingira hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, huandika, katika ukurasa wa kwanza wa ripoti yao, kwamba chanzo cha tatizo ni watu kukosa elimu. Sentensi hiyo huandikwa kwa wepesi kwa sababu haimgusi mkubwa yeyote, na pia, tuseme kweli, kwa sababu inatupatia sisi wenyewe kazi ya kuandaa semina nyingine. Nawashauri muifute, kisha mchukue tatizo moja na kulifuata hatua kwa hatua.

Chukueni plastiki ya Ziwa Kivu. Mvua inaponyesha Kadutu, mtaa wa milimani hapa mjini, maji huporomoka kwenye miteremko yakisomba chupa na sashe (vifuko vya plastiki) zilizotupwa mitaroni, huingia mto Kahuwa na kufika ziwani. Ziwa hili halina njia nyingine ya kutokea isipokuwa mto Ruzizi, na kilomita chache tu chini ya mlango huo ndipo lilipojengwa bwawa la Ruzizi I, ambalo lilianza kutoa umeme mwishoni mwa miaka ya 1950. Takataka hujikusanya mbele ya bwawa, zinazopenya huziba mitambo, mitambo husimamishwa ili isafishwe, na mitaa hukaa gizani. Mama aliyekosa umeme atawasha mbabula, yaani jiko la makaa, na makala (makaa) yake yametoka milimani, mengine ndani ya hifadhi ya Kahuzi-Biega, ambayo UNESCO imeiweka katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini tangu 1997. Tusitie chumvi: hata mitambo ingekuwa safi, umeme usingeutosha mji uliojaa kiasi hiki. Hata hivyo mnaona jinsi sashe ya Kadutu na mti wa Kahuzi-Biega zilivyo habari moja.

Sasa ulizeni kwa nini jambo hilo haliishi, ingawa kila mtu analijua. Kwa kila mnayemkuta katika mkondo huo, wazeni angepoteza nini kama angeacha anachokifanya. Familia iliyojenga juu ya mteremko haina nafasi ya kuchimba shimo la takataka, gari haliwezi kupanda njia yao, na kijana wa kubeba mizigo anadai pesa. Mtaro haudai kitu. Mchoma makala akiacha, hana shamba la kurudia, au analo katika kijiji alichokikimbia kwa sababu ya vita. Wapangaji wa mji wakati wa ukoloni waliukadiria kwa watu wachache mno, na tangu 1996 wakimbizi wa vijijini wamejenga palipobaki, yaani mahali ambapo hapakupaswa kujengwa. Zaidi ya hayo, anayetupa haoni hasara yake: anayekosa umeme yuko mtaa mwingine, na hawezi kumdai yeyote.

Mtaambiwa kwamba dawa ni sheria. Sheria ipo: agizo la serikali la Desemba 2017 lilikataza kutengeneza, kuingiza na kuuza mifuko ya plastiki nchini. Jirani zetu wa Rwanda, walio ng'ambo ya daraja la Ruzizi, waliipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, na huko imeadimika kweli. Sikubali maelezo kwamba wao ni wasafi kwa tabia kuliko sisi. Kule mfuko hunyang'anywa mpakani na muuzaji hutozwa faini. Huku muuzaji wa unga sokoni hajapata kifungashio kingine cha bei ile ile, na hakuna anayepita kumkagua.

Kwa kazi yenu ya kila siku, nendeni mitaani mvua inaponyesha, kwani wakati wa kiangazi mitaro haiwaelezi lolote. Baada ya salongo ya Jumamosi, yaani kazi ya pamoja ya usafi, rudini palepale wiki inayofuata: mara nyingi tope na chupa zilizochotwa mtaroni zimerundikwa ukingoni, na mvua imekwisha kuzirudisha. Si uvivu wa waliochota, bali ni kwamba hapakuwa na lori la kuja kuzichukua. Wafadhili huhesabu watu waliohudhuria mafunzo, nao mradi huchukua mwaka mmoja au miwili. Mafuta ya lori hayamo katika bajeti ya yeyote. Kwa hiyo, katika mkutano wa kwanza wa mradi, ulizeni ni nani atakayelipa mafuta hayo mwezi mmoja baada ya mradi kufungwa. Mkikosa jibu, andikeni hivyo katika sehemu ya ripoti inayohusu vyanzo, pale mlipofuta ile sentensi ya elimu.