Kigari chenye mistari ya nyoka: maswali yenu kuhusu ESC

Maswali mengi yaliyotufikia safari hii yanahusu taa moja kwenye dashibodi: kigari kidogo chenye mistari miwili iliyopinda kama nyoka nyuma ya tairi. Toyota huuita mfumo huo VSC, Subaru na Nissan VDC, Honda VSA, Mercedes-Benz na Volkswagen ESP. Jina la jumla ni ESC, yaani mfumo wa kielektroniki wa kulizuia gari lisiserereke wala kupiga mkia.

Mvua ikinyesha, nikikata kona taa hiyo inapepesa, nasikia mlio wa "krrr" mbele, kisha kila kitu kinatulia. Gari limeharibika? (Morogoro)

Halijaharibika. Taa inayopepesa maana yake mfumo uko kazini sekunde hiyo hiyo. Yenye kesi ni ile inayowaka mfululizo bila kuzima.

Kinachotokea ni hiki. Kwenye shina la usukani kuna sensa (kihisio, siyo ile ya kuhesabu watu) inayosoma umekata usukani kiasi gani. Katikati ya gari, mara nyingi chini ya konsoli, iko nyingine inayopima gari linazunguka kwa kasi gani na linavutwa pembeni kwa nguvu kiasi gani. Kila tairi nalo lina sensa yake ya mwendo. Kompyuta inalinganisha unachotaka wewe na kinachofanywa na gari; katika mfumo wa Bosch hufanya hivyo mara 25 kwa sekunde.

Tuseme uko kwenye kona ya kulia. Umekata usukani lakini pua inanyooka kuelekea mtaroni: mfumo unakamata breki ya tairi la nyuma la kulia peke yake, na pua inavutwa kuingia kwenye kona. Kama ni mkia unaochomoka kwenda kushoto, unakamata la mbele la kushoto, lile la nje ya kona, ili mzunguko ufe. Wakati huo huo unapunguza nguvu ya injini hata kama mguu wako bado uko kwenye mafuta. Ule mlio ni wa pampu ya ABS (mfumo wa kuzuia tairi lisijifunge) ikisukuma mafuta ya breki.

Kazi yako ni kuelekeza usukani unakotaka gari liende, bila kupapatika, na kuachia mafuta taratibu. Ikibidi kusimama, kandamiza breki moja kwa moja bila kuipampu. Lakini taa ikipepesa kila siku kwenye kona ile ile na lami ni kavu, tazama kwanza spidi yako, kisha tairi.

Je, ESC na ABS ni kitu kimoja? (Kisumu)

Hapana. ABS huzuia tairi lisijifunge wakati wewe mwenyewe umekanyaga breki. ESC hukamata breki ya tairi moja hata kama hujagusa pedali. Zinatumia pampu moja na sensa zile zile za tairi, ndiyo maana sensa moja ikifa, taa zote mbili huwaka.

Kwa kuwa gari langu lina ESC, naweza kushuka mteremko wa Kitonga kwa spidi kidogo zaidi? (Iringa)

Usijaribu. Nguvu inayokutupa nje ya kona hukua kwa mraba wa mwendo: ukitoka kilomita 60 kwa saa hadi 85, inakuwa mara mbili. ESC haina mshiko wake yenyewe. Inaugawa tu ule ulio kwenye tairi nne, kila moja likigusa barabara kwa eneo la kiganja hivi. Mshiko ukiisha, kompyuta haina cha kugawa.

Kwa hiyo kagua tairi kabla ya kuusifu mfumo. Ubavuni mwa tairi tafuta herufi TWI. Zinaonyesha mahali palipo na vigingi vidogo ndani ya mifereji, na tairi likilika hadi usawa wa vigingi hivyo limebakiza milimita 1.6. Nchi nyingi zimeweka mpaka wa kisheria hapo. Kwa barabara yenye maji sisi tungebadilisha likifika milimita 3. Upepo upimwe tairi zikiwa za baridi, kwa namba zilizo kwenye stika ya fremu ya mlango wa dereva, siyo kwa macho ya kijana wa pancha.

Kwenye mteremko mrefu tumia gia ndogo. ESC hutegemea breki zile zile unazozichosha, na mafuta ya breki ya siku nyingi huwa yamenyonya unyevu, hivyo huchemka mapema na pedali inakuwa laini kama sponji. Yabadilishe kila baada ya miaka 2, na uweke aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha chupa yake, DOT 3 au DOT 4.

Subaru Forester: taa ya injini na ya VDC zimewaka pamoja, na ya cruise (ya kushikilia mwendo mmoja) inapepesa. Fundi anasema pampu ya ABS imekufa, nitafute nyingine iliyotumika. (Nakuru)

Usitoe pesa bado. Kama taa ya ABS yenyewe haijawaka, pampu si mshukiwa wa kwanza, wala wa pili.

ESC inahitaji kuiamuru injini ipunguze nguvu. Injini ikiwa na hitilafu, kompyuta yake haiwezi kuhakikisha amri hiyo itatekelezwa sawasawa, hivyo mfumo unajiweka pembeni na kuwasha taa. Toyota nyingi hufanya vivyo hivyo, na watu wengi wamenunua pampu kwa sababu ya plagi zilizochoka. Pima kodi, yaani alama za hitilafu zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari, kwa mashine. Inayoanza na P ni ya injini. Inayoanza na C ni ya breki, usukani au shokomzoba. U ni ya mawasiliano kati ya kompyuta na kompyuta. Ukikuta P peke yake, tibu hiyo: koili, plagi, sensa ya oksijeni, pengine ni kifuniko cha tangi ambacho hakikufungwa vizuri. Ikipona na kodi ikafutwa, taa ya VDC nayo huzima.

Angalizo: vile vipimo vidogo vya bei rahisi vya kuunganisha na simu mara nyingi husoma P tu. Fundi akisema "mashine haioni kitu kwenye ABS", muulize kama mashine yake inaingia kwenye ABS kweli.

Na ABS nayo ikiwaka, anza na vya bei ndogo: betri na vichwa vyake, fyuzi, kiwango cha mafuta ya breki, swichi iliyo juu ya pedali ya breki, kisha sensa za tairi na waya zake. Pampu iwe ya mwisho.

Nilibadilisha beringi ya tairi la mbele, na siku hiyo hiyo ABS na VSC zikawaka. Fundi anadai havihusiani. (Dodoma)

Vinahusiana sana. Beringi nyingi za sasa zina pete ya sumaku iliyofichwa ndani ya sili ya upande mmoja. Sensa husoma sumaku hiyo ikizunguka. Beringi ikishindiliwa kinyume, sumaku inaangalia nje, sensa inaangalia chuma kitupu, na kompyuta inaona tairi lililosimama ilhali mengine matatu yanakwenda.

Pande mbili za beringi hufanana mno, ndiyo maana kosa hili halikomi. Kabla ya kushindilia, gusisha kibanio cha karatasi kwenye sili: upande wa sumaku hukinata kidogo. Huo ndio uelekee sensa. Beringi iliyokwisha kuwekwa kinyume haigeuzwi. Kuichomoa kwa presi huiumiza, kwa hiyo nunua mpya, na gharama muizungumze na fundi.

Kabla ya kumlaumu, lakini, mwambie afungue ukurasa wa mwendo wa tairi kwenye mashine na muendeshe kwa kilomita 20 kwa saa. Tairi nne zinapaswa kusoma karibu sawa. Linalosoma 0 ndilo lenye tatizo. Likiwa linasoma na kukatika, tazama waya uliobanwa, au unga wa chuma ulioganda kwenye ncha ya sensa. Futa kwa kitambaa. Sensa iliyoshikwa na kutu isivutwe kwa koleo, maana plastiki hukatika na ncha hubaki ndani. Fungua bolti yake, pulizia mafuta ya kulainisha kutu, subiri, kisha izungushe kushoto na kulia hadi iachie.

Baada ya alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa tairi) usukani umenyooka, ila taa ya VSC haizimi. (Dar es Salaam)

Kompyuta bado inakumbuka "katikati" ya zamani. Inabidi ifundishwe upya: gari kwenye sakafu tambarare, tairi na usukani vimenyooka, asiwepo mtu wa kuingia wala kutikisa gari, kisha fundi aingie kwenye menyu ya ABS/VSC na aagize sifuri mpya. Ni kazi ya dakika chache. Kama taa iliwaka kwa sababu tu betri ilitolewa, baadhi ya magari hujirekebisha ukiwasha injini, ukazungusha usukani hadi mwisho kushoto, hadi mwisho kulia, kisha ukaendesha mita kadhaa moja kwa moja.

Kitufe cha kuzima mfumo nikitumie lini? (Sumbawanga)

Ukikwama kwenye tope au mchanga. Hapo unahitaji tairi lizunguke ili lijichimbue, na mfumo unalinyima nguvu. Kwenye Toyota nyingi, kubonyeza mara moja huzima TRC, ile ya kuzuia tairi kuzunguka bure. Kushikilia kwa zaidi ya sekunde 3 gari likiwa limesimama huzima na VSC. Ukitoka topeni, washa.

Naagiza gari kutoka Japani. Nitajuaje kama lina ESC, na kama ni nzima? (Arusha)

Mwaka husaidia. Toyota na Mercedes-Benz walianza kuifunga mwaka 1995 kwenye magari ya kifahari, lakini Japani ilianza kuilazimisha mwaka 2012, kwa aina mpya za magari ya abiria. Gari dogo la kabla ya hapo linaweza kuwa nayo au lisiwe nayo, hata kama jina ni lile lile. Inafaa kuitafuta: NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, ilikadiria kwamba inapunguza ajali zinazohusisha gari moja peke yake kwa asilimia 34 kwa magari madogo, na 59 kwa SUV.

Gari likifika, weka swichi kwenye ON bila kuwasha injini. Taa za ABS na za kigari cha nyoka ziwake kwa sekunde 3 hivi, kisha zizime. Zisipowaka kabisa, ama gari halina mfumo huo, ama kuna mtu amezitoa au kuzibandika gundi nyeusi nyuma ya dashibodi. Kama kitufe chenye mchoro ule kipo na taa haipo, jibu umeshalipata, na bei ishuke.