Unataka kwenda Hawaii kujitolea kwenye taka? Soma hii kwanza

Wadogo zangu mnaosoma Marekani mmeniuliza sana habari ya kwenda Hawaii likizo ya Machi kuwa volontia kwenye miradi ya kusafisha fukwe na kurejeleza plastiki. Mimi nilienda Kisiwa Kikubwa (Big Island, kimoja cha visiwa vya Hawaii) na wanafunzi wenzangu, kwa hiyo naandika hapa mnisome wote.

Kule kazi yote inaendeshwa kwa kuleana, hilo ni neno la Kihawaii, yaani haki na wajibu haviachani, ukila samaki wa bahari ile basi na usafi wa bahari ile uko juu yako, na mgeni hasamehewi. Siku ya kwanza hatukugusa hata gunia kabla mzee wa pale hajaimba oli, wimbo wa kimila wa Kihawaii, ya kuomba ruhusa ya kuingia, sisi tumesimama kimya. Simu iache mfukoni, kama hujaambiwa rekodi basi usirekodi, ile ni ibada ya watu. Wazee utawaita Aunty na Uncle hata kama hamna undugu, na viatu unavua mlangoni, haya kwa sisi watu wa pwani hayahitaji somo.

Sisi tulipelekwa ufukwe wa Kamilo, kusini mwa kisiwa huko Kaʻū, hakuna lami, ni gari za kupanda mawe tu. Zamani wenyeji walikuwa wanaenda pale kuokota magogo makubwa yaliyoletwa na mikondo kutoka Amerika Kaskazini wakachonga mitumbwi, na mikondo hiyohiyo leo inawaletea plastiki, manake lile eneo kubwa la taka zinazoelea liko kati ya Hawaii na California. Utakuta nyavu, vizibo, miswaki, koni nyeusi za mitego ya samaki, vibomba vya mashamba ya chaza, vitu ambavyo wenyeji wala hawajavitumia, na inauma ukiviona. Nyavu mtavuta kwa pamoja zitatoka. Kazi yenyewe ni vile vipande vidogo kama punje za mchele vilivyochanganyika na mchanga, unakaa chini na chekecheke kutwa nzima juani unachuja, unachambua, unachuja tena. Haipendezi kwenye picha, lakini ndo kazi waliyotuomba, na nakuomba ukifika uombe hiyo hiyo.

Alafu usiende ukidhani kila unachookota kitarejelezwa. Plastiki iliyopigwa na jua na chumvi muda mrefu inakatika ovyo, viwanda haviitaki. Nyavu nyingi tangu 2002 zimekuwa zikipelekwa kisiwa kingine, Oahu, kwenye mtambo wa H-POWER zinachomwa kutoa umeme. Kisiwa Kikubwa chenyewe kiliacha kupokea plastiki na karatasi za mchanganyiko 2019, soko lilikufa, na kusafirisha taka kwa meli kutoka katikati ya Pasifiki ni gharama. Afadhali chupa na makopo ya vinywaji, tangu 2005 ukirudisha unalipwa senti 5 kwa kila moja, toa kizibo kwanza.

Kwa hiyo kabla hujalipia chochote uliza mradi maswali mawili: tukishaokota vitu vinaenda wapi, na nani anaongoza, wenyeji au kampuni ya utalii? Wakibabaika tafuta wengine. Mimi siamini programu inayokutoza dola nyingi alafu mwenyeji hata mmoja humwoni, hiyo ni safari ya starehe imevalishwa fulana ya kujitolea, na mālama ʻāina, yaani kuitunza ardhi, inabaki maandishi tu kifuani.

Vitu vya kubeba: kofia, glavu ngumu, viatu vya kufunika vidole, chupa yako ya maji uijaze huko huko. Losheni ya jua soma lebo, zenye kemikali za oxybenzone na octinoxate haziuzwi Hawaii tangu 2021 kwa sababu ya matumbawe. Ukikuta sili amelala ufukweni kaa mbali mita 15, kasa mita 3, hata kama umemwona amenasa kwenye wavu usimguse, mwite kiongozi wenu. Na mawe ya pale usibebe hata moja.

Wenye viza ya F-1, ongeeni na ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kabla ya kukata tiketi, wapeni jina la mradi na muwaonyeshe kwamba hamlipwi.