Maswali ya Wasomaji: Mipasuko ya Miamba, Picha za Setilaiti na Madini Adimu

SWALI: Wataalamu, habari za kazi. Sisi ni kikundi cha wachimbaji wadogo huku Sengerema. Kuna kijana ametuonyesha picha ya setilaiti yenye mstari mrefu ulionyooka unaokatiza kilima chetu. Anasema huo ni mpasuko wa ardhi na kwamba koltani (mawe yenye tantalamu na niobiamu) na lithiamu hukaa humo. Je, tufungue duara (shimo la kuchimbia) juu ya mstari?
Mwenyekiti wa kikundi, Sengerema

JIBU: Mwenyekiti, msifungue duara bado. Kwanza mjue huo mstari ni wa nini. Granaiti ya pande za Mwanza imejaa nyufa za kawaida zilizonyooka kama zimepigwa rula. Ndizo zilizogawa yale mawe makubwa tunayoyaona Capri Point na Bismarck Rock, kisha hali ya hewa ikala kingo zake. Ufa wa namna hiyo haukusogeza kitu, na mwamba wa pande zote mbili umekaa ulivyokuwa. Mpasuko tunaoutafuta ni ule ambao upande mmoja umehama. Dalili zake zinaonekana chini: mshipa wa kwatsi (jiwe gumu, mara nyingi jeupe) uliokatika na kuendelea mita kadhaa pembeni, mwamba uliosagika, au nyuso laini zenye mikwaruzo sambamba. Mstari wa pichani unaweza pia kuwa ukuta wa doleriti (mwamba mweusi ulioganda ndani ya ufa), mpaka wa mashamba, njia ya ng'ombe au laini ya umeme. Kwenda kuangalia kwa miguu ni nafuu kuliko duara moja lisilo na kitu.

Tuseme mmethibitisha kuwa ni mpasuko kweli. Hata hapo, katikati yake si mahali pa kuanzia. Koltani na lithiamu hukaa kwenye pegmatiti, miamba ya fuwele kubwa ambayo ni masalia ya mwisho ya uji wa granaiti, yaani granaiti ikiwa bado imeyeyuka. Granaiti inapoganda, lithiamu, tantalamu, niobiamu, beriliamu na bati hazipati nafasi ya kutosha ndani ya fuwele za kawaida, hivyo hubaki kwenye uji wa mwisho pamoja na maji, boroni na florini. Vitu hivyo huufanya uji uwe mwepesi na uweze kusafiri mbali, lakini hauwezi kwenda pasipo na nafasi. Mpasuko mkuu uliosuguana kwa muda mrefu mara nyingi umejaa unga na udongo wa mwamba uliosagwa, ukajiziba wenyewe. Nafasi hufunguka kando yake: kwenye matawi, mahali nyufa mbili zinapokutana, na kwenye kona ambako mwendo wa miamba unavuta pande mbili ziachane. Kona ikipinda kinyume, pande hizo hubanana na uji haupiti. Ndiyo maana ni lazima kujua kila upande ulisogea kuelekea wapi. Mstari peke yake hauwaambii hilo.

Halafu kuna umri. Granaiti za Mwanza zina zaidi ya miaka bilioni 2.5, na zile zinazohusishwa na bati la Kagera zina karibu miaka bilioni 1. Mipasuko ya Bonde la Ufa ina umri usiozidi makumi machache ya mamilioni ya miaka, hivyo haikuweza kuwa njia ya uji ulioganda zamani namna hiyo. Inachoweza kufanya ni kuikata pegmatiti na kuihamisha, au kuinua upande mmoja ukaonekana juu. Mkiona mshipa umekatwa na mpasuko, mpasuko ni mdogo kwa umri; utafuteni mwendelezo wa mshipa ng'ambo ya pili. Mkiona mshipa umejaza mpasuko wenyewe bila kukatika, hapo pana njia ya kufuatilia.

Jambo la mwisho: pegmatiti zilizo ndani au karibu kabisa na granaiti mama mara nyingi ni madini ya kawaida ya granaiti tu: feldispa, kwatsi na ulanga. Madini adimu huongezeka kadiri unavyotoka nje, na zile zenye lithiamu huwa mbali zaidi, wakati mwingine kilomita kadhaa. Kwa hiyo tafuteni tawi la mpasuko lililopo nje ya granaiti, ndani ya miamba inayoizunguka.

SWALI: Nasoma jiolojia na natumia QGIS, programu ya kuchora ramani. Nimechora mistari ya mipasuko kwa programu inayojichorea yenyewe, nikapata maelfu. Mingine inafuata ufukwe wa ziwa. Nifanyeje?
Mwanafunzi, Nyegezi

JIBU: Mdogo wetu, futa yote uanze upya kwa mkono. Programu hizo hufuata kila mahali mwanga unapobadilika ghafla: ufukwe, barabara, kingo za mashamba, makovu ya moto. Zinafaa kukuonyesha pa kuangalia. Hazifai kuwa ramani.

Anza na sura ya nchi. Pakua modeli ya mwinuko (data za urefu wa nchi) ya mita 30, SRTM au Copernicus, zote ni bure. Tengeneza picha za kivuli, jua la kubuni likiwa nyuzi 30 hivi juu ya upeo, kutoka pande zisizopungua nne: nyuzi 0, 45, 90 na 135. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mstari unaokwenda sambamba na mwanga hautoi kivuli, kwa hiyo haupo kwenye picha hiyo. Ukitumia mwanga wa upande mmoja tu, utaandika kwenye ripoti kwamba mipasuko ya eneo lako ina mwelekeo fulani, kumbe ni mwelekeo wa taa uliyoichagua wewe.

Picha za setilaiti ya Sentinel-2 zina kasoro hiyo hiyo, na huko huwezi kulihamisha jua. Inapita huku karibu saa nne na nusu asubuhi kwa mwendo wa jua, si kwa saa ya ukutani. Mwezi Juni jua la Mwanza saa hiyo liko kaskazini mashariki, hivyo mistari ya kaskazini mashariki–kusini magharibi hufifia. Desemba jua liko kusini mashariki na mistari ya kusini mashariki–kaskazini magharibi ndiyo inayofifia, isitoshe ni msimu wa mawingu. Chukua picha za kiangazi, Juni hadi Agosti, kwa sababu ya uwazi wa anga na nyasi chache. Pengo la mwelekeo lizibe kwa picha za kivuli na za rada ya Sentinel-1.

Chora ukiwa umefunga kipimo kimoja, mathalani 1:50,000. Ukisogeza karibu kwenye kilima kimoja na mbali kwenye kingine, kilima cha kwanza kitaonekana kina nyufa nyingi bila sababu. Weka mstari pale tu unapoonekana kwenye vyanzo viwili, kisha pitisha juu yake tabaka la barabara, laini za umeme na mipaka ya mashamba, uondoe vinavyolingana. Mabonde yenye mbuga na mchanga wa ziwani yawekee alama kuwa yamefunikwa, kwa sababu kukosa mistari hapo si ushahidi wa kukosa mipasuko.

Sasa uhusiano na madini. Kawaida watu hupima umbali kutoka kila pegmatiti inayojulikana hadi mstari ulio karibu, wakakuta nyingi ziko ndani ya mita 500, wakashangilia. Lakini kama mistari yako sambamba imeachana kilomita 1, kila nukta katikati yake, hata ya choo cha shule, iko ndani ya mita 500. Tupa nukta 1,000 za kubahatisha kwenye eneo hilo hilo, pima umbali ule ule, ulinganishe. Pegmatiti zikiwa karibu na mistari kuliko nukta za kubahatisha, una jambo. Rudia hesabu kwa kila mwelekeo peke yake, na kwa makutano ya mistari peke yake, maana mara nyingi ni kundi moja tu la mipasuko lililofanya kazi, na kulichanganya na mengine kunalificha.

SWALI: Je, setilaiti inaweza kuona lithiamu au koltani yenyewe? Huku kwetu ni migomba mitupu.
Msomaji, Kyerwa

JIBU: Hapana, ndugu. Mwanga wa jua hurudi kutoka ngozi ya juu kabisa ya ardhi, na migomba ikifunika, kinachoonekana ni migomba. Pasipo na majani, gawanya bendi ya 11 ya Sentinel-2 kwa bendi ya 12 (bendi ni kipande cha mwanga kinachopimwa peke yake). Panapong'aa pana ulanga au udongo mweupe. Bendi hizo zina pikseli za mita 20, hivyo mshipa wa mita 3 unachukua asilimia 15 tu ya pikseli, na bendi ya 12 ni pana mno kutenganisha ulanga na udongo uliotokana na feldispa kuoza. ASTER, kipimaji cha setilaiti nyingine, ilitenganisha vizuri zaidi, lakini vipokezi vyake vya mawimbi hayo viliharibika mwaka 2008, kwa hiyo tafuta picha za kabla ya hapo.

Kwenu mifereji ina msaada kuliko picha. Osha mchanga wa vijito kwa karai, hasa chini ya mahali kijito kinapokata mpasuko. Bati ghafi na koltani ni nzito, zitabaki chini. Spodumini, yenye lithiamu, haizidi sana uzito wa kwatsi na itakwenda na maji. Wala usitegemee bunduki ya XRF (kifaa cha mkononi kinachopima elementi kwa mionzi ya X) kwa lithiamu, maana ni elementi nyepesi mno kwa kifaa hicho. Pima nayo potasiamu na rubidiamu kwenye feldispa ya potasiamu isiyooza. Potasiamu ukiigawanya kwa rubidiamu ukapata chini ya 30, peleka sampuli maabara ipimwe lithiamu.

SWALI: Nilihamisha nukta za maduara kutoka ramani ya zamani ya jiolojia kwenda kwenye GPS. Zote zimeangukia kaskazini mwa maduara yenyewe. Kifaa ni kibovu?
Fundi sampuli, Misungwi

JIBU: Kifaa ni kizima. Ramani ya zamani inatumia mfumo wa kuratibu wa Arc 1960, GPS yako inatumia ule wa WGS 84. Ukihamisha namba bila kugeuza mfumo, huku kwetu nukta huangukia karibu mita 300 kaskazini, na kidogo magharibi. Kwenye QGIS fungua data kama EPSG:21036 (namba ya Arc 1960), kisha uihifadhi upya kama EPSG:32736 (namba ya WGS 84). Hakiki kwa njia panda moja iliyopo kwenye ramani na ardhini kabla ya kumtuma mtu achimbe mtaro.