Nyumba ya Waifai Ikigoma, Anza na Stima

Wanaonipigia simu hapa Kisumu huanza karibu wote kwa namna moja: "Fundi, hiki kitu kimekufa." Wanamaanisha balbu ya waifai, soketi ya kuwashia kwa simu, kamera ya getini au kufuli ya alama za vidole. Nikifika, mara nyingi nakuta kifaa ni kizima kabisa. Kilichoharibika ni kile kinachokilisha: stima, mtandao, au akaunti iliyosajiliwa kwa jina la mtu ambaye hayupo tena. Kwa hiyo kabla hujashuka mtaa wa Oginga Odinga kununua kingine, tulia kwanza. Anzia pale stima inapoingilia nyumbani, kisha uje mbele hatua kwa hatua. Kifaa chenyewe kiwe cha mwisho kulaumiwa.

Stima ya huku kwetu mnaijua. Wingu likijikusanya upande wa ziwa, taa zinaanza kurukaruka: zinazima, zinawaka, zinazima tena. Balbu nyingi za waifai zimeundwa hivi kwamba ukizizima na kuziwasha mara tatu au zaidi mfululizo, zinaelewa unataka kuziunganisha upya. Zinafuta paswadi ya waifai na kuanza kupepesa. Balbu haiwezi kujua kama ni mkono wako ukutani au ni nyaya zinazogusana kwenye nguzo. Asubuhi mwenye nyumba anakuta sebule nzima inapepesa, anaapa kwamba radi imezimaliza. Hazijafa. Ziunganishe upya kwenye simu, na siku nyingine ukiona stima inacheza, zima swichi za ukutani za balbu hizo mpaka itulie.

Hii ndiyo sababu mteja akiniuliza anunue balbu au swichi, namwambia swichi, bila kusita. Swichi ya waifai inafungwa ukutani mahali pa ile ya kawaida, haijifuti kwa sababu ya stima kurukaruka, na taa yenyewe inabaki ile balbu ya LED ya bei nafuu unayoipata duka lolote. Zaidi ya hayo, nyumba ina watu. Ukiweka balbu ya waifai, mgeni au mtoto akizima ukutani kama alivyozoea, balbu inapotea kwenye simu na wewe uliye kazini unaandikiwa kwamba haipatikani. Nimeitwa mara nyingi kwa "tatizo" hilo hilo. Ukiwa na swichi, mama mzazi anabonyeza ukutani kama kawaida, nawe unabonyeza kwenye simu, hakuna anayemnyima mwenzake mwanga. Kwangu hilo ni sharti: nyumba ambayo bibi hawezi kuwasha taa bila simu ya mjukuu haijafungwa vizuri, hata iwe na vifaa vya bei gani.

Lakini swichi hizo zina mtego wake katika nyumba za zamani, zile za Milimani na Tom Mboya kwa mfano. Ukifungua boksi ya ukutani unakuta nyaya mbili tu, nyekundu na nyeusi. Mtu anasema moyoni: nyekundu ni laivu (waya unaoleta stima), nyeusi ni nyutro (waya wa kuirudisha), kazi imekwisha. Sivyo. Nyutro ilibaki juu darini, pale taa inapofungwa. Zilizoshuka ukutani ni laivu inayokuja na laivu inayorudi kwenye taa, na hiyo nyeusi ina stima kamili swichi inapowashwa. Ukifunga hapo swichi inayohitaji nyutro, itawaka kidogo na kuzima, au haitaamka kabisa, na utaambiwa uliuziwa feki.

Pana njia mbili. Unaweza kuvuta waya wa nyutro kutoka darini, au kununua swichi isiyohitaji nyutro. Hii ya pili hupitisha umeme kidogo kwenye taa yenyewe ili ibaki macho, na ndiyo maana balbu ndogo za LED hupepesa au kubaki na mwanga hafifu hata zikiwa zimezimwa. Dawa yake ni kapasita ndogo, ambayo mara nyingi imo ndani ya boksi la swichi na watu huitupa pamoja na karatasi za maelezo. Inafungwa juu, sambamba na taa, si kwenye swichi. Zima meni swichi kabla ya kugusa chochote, pima kwa testa, na kama kazi hii si yako mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia kawi. Volti 240 hazina mzaha.

Tukio lingine la kawaida ni stima kurudi usiku wa manane na nyumba nzima kuwaka taa, watoto wanaamka wanalia. Fungua programu ya simu, ingia kwenye mipangilio ya balbu au swichi, utafute sehemu inayoeleza kifaa kifanye nini stima ikirudi. Chagua ibaki ilivyokuwa. Kamera nayo ikikataa kurudi hewani baada ya stima kupotea, kumbuka kwamba ruta huchukua dakika moja au mbili kuamka, ilhali kamera huamka mapema zaidi. Vifaa vingine huendelea kutafuta mtandao, vingine vya bei ya chini hukata tamaa. Ngoja taa za ruta zitulie, kisha chomoa kamera na uichomeke tena. Usikimbilie kuchoma kwa pini kile kitundu kidogo cha kufuta mipangilio! Kuzima na kuwasha ni jambo moja, kufuta kila kitu ni jambo jingine, na wengi huniita baada ya kufuta.

Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu mwezi huu, nunua betri ndogo ya kushikilia ruta stima inapopotea. Ruta nyingi za nyumbani zinatumia volti 12. Soma kibandiko cha adapta yake: volti za betri lazima zilingane nazo, na ampea ziwe sawa au zaidi. Radi ni habari nyingine. Ukanda huu wa Kisumu, Kakamega na Kisii hupigwa na radi sana, na ile gadi ya friji inayokata stima ikishuka au ikipanda haizuii radi. Weka kizuizi cha mawimbi ya radi kwenye boksi kuu, hakikisha athi ya nyumba (waya unaoshuka ardhini) ni nzima, na ukumbuke kwamba kebo ya mtandao inayotoka kwenye kamera ya nje nayo ni njia ya radi kuingilia ndani. Ngurumo zikikaribia, chomoa.

Tukija kwenye waifai, karibu vifaa hivi vyote vya bei ya kawaida vinatumia masafa ya gigahezi 2.4 pekee. Ruta za kisasa zinatoa 2.4 na 5 kwa jina moja, simu yako iko kwenye 5, na kifaa kinashindwa kuungana. Ingia kwenye ruta uzitenganishe kwa majina mawili, au uzime ile ya 5 kwa muda wakati wa kuunganisha. Usalama wa waifai ukiwa umewekwa WPA3 tupu, shusha uwe WPA2, kwani vifaa vingi vya zamani havielewi hiyo mpya. Kwenye simu, zima data na VPN, na uiruhusu programu kutumia lokesheni, la sivyo simu itakimbilia data katikati ya kazi na utabaki unatazama asilimia zikiganda.

Kwa wanaoishi kwenye ploti za ghorofa kule Migosi au Nyamasaria, ambako kila mlango una ruta yake, badilisha chaneli, yaani njia ambayo ruta hutumia hewani. Kwenye 2.4 chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11. Pakua programu ya kupima waifai, uone majirani wamejazana wapi, wewe uhamie kwingine. Na hili ni la dhahabu kwa anayebadilisha kampuni ya intaneti: ipe ruta mpya jina lile lile na paswadi ile ile ya ruta ya zamani, herufi kwa herufi. Vifaa vyako vitaingia vyenyewe, hutalazimika kupanda ngazi kuunganisha balbu moja moja.

Sasa soketi, na hapa naomba unisikilize kwa makini kwa sababu ni suala la moto. Soketi ya waifai ya ampea 10 inabeba wati 2,400 tu kwa volti zetu 240. Birika la umeme la wati 2,200 liko ukingoni. Shawa ya maji moto ya papo hapo hula wati 5,000 na zaidi, ambazo ni ampea zaidi ya 20. Hiyo haina biashara na soketi ya waifai, hata iliyoandikwa 16. Pampu ya maji inadanganya watu zaidi. Pampu ya nguvu ya farasi moja inaonekana ndogo ikiwa inazunguka, lakini wakati wa kuanza inavuta mara kadhaa ya hiyo. Nilifungua soketi ya mama mmoja wa Mamboleo ambaye tangi lake lilikuwa likimwagika mpaka uani. Simu ilionyesha pampu imezimwa, na pampu ilikuwa inanguruma. Ndani, vile vipande viwili vya chuma vya rilei, ile swichi ndogo ya ndani, vilikuwa vimeshikana kwa cheche, vyeusi, pembeni vimeyeyuka kidogo. Ukibonyeza simu husikii ule mlio wa "tik". Mlio huo ukipotea na kifaa kikaendelea kuwaka, chomoa na usikitumie tena. Pampu ifungwe kwa kontakta, yaani swichi nzito ya sumaku: soketi iamrishe kontakta, na kontakta ndiyo ibebe mzigo.

Saa nazo zinachanganya watu. Mzee mmoja wa Seme, ambaye wanawe walimfungia taa za uani, aliniambia, "Mwanangu, hizi taa zinawaka jua likiwa utosini, halafu katikati ya usiku zinaniacha gizani." Nikamwomba, "Mzee, nipatie hiyo simu kidogo." Ratiba ilikuwa sawa, kuwaka saa kumi na mbili na nusu jioni na kuzima saa kumi na mbili asubuhi. Ila saa ya kifaa ilikuwa bado inafuata China, ambayo iko mbele yetu kwa saa tano. Zikawa zinawaka saa saba na nusu mchana na kuzima saa saba usiku. Rekebisha saa za eneo ziwe za Nairobi kabla ya kugusa ratiba. Jambo zuri ni kwamba sisi tuko karibu kabisa na ikweta, jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja mwaka mzima, hivyo ratiba moja inatosha.

Kamera za upande wa Dunga na Usoma zina adui wao: wadudu wa ziwani. Usiku wanapotoka kwa mawingu, simu inalia mpaka mwenye nyumba anazima arifa zote, na hapo kamera haina kazi tena. Usiweke taa ya usalama juu ya kamera. Ihamishie mita kadhaa pembeni, wadudu waifuate huko. Chagua kamera itoe arifa kwa ajili ya watu pekee, kama ina uwezo huo, na punguza eneo inalolinda libaki njia ya getini. Picha ya usiku ikiwa na ukungu mweupe, usiilaumu lenzi: mara nyingi ni utando wa buibui unaorudisha mwanga wa kamera yenyewe. Ufagie kwa brashi laini iliyo kavu. Na iangalie kwako, isiangalie uani kwa jirani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda yeye pia.

Kufuli nitazipitia haraka. Tumia betri za alkali, si za kuchajiwa, kwani hizo zina volti 1.2 na kufuli inasoma vibaya kiasi kilichobaki. Nyingi zina sehemu ya chini ya kuchomeka chaji ya dharura kwa nje. Itafute leo, kabla hujafungiwa nje. Ufunguo wa chuma mwachie mtu unayemwamini, usiufungie ndani ya nyumba ile ile.

Limebaki la akaunti, ambalo hunisikitisha kuliko yote. Mtoto yuko Marekani, anawatumia wazazi hela za kamera na taa, fundi anafunga kila kitu kwa akaunti ya simu yake mwenyewe kwa sababu ni haraka. Mwaka unaofuata fundi amehamia Eldoret, namba haipatikani, na kifaa kinakataa kuunganishwa na mtu mwingine kwa kuwa bado kinamtambua yeye. Wakati huo huo mtu asiye wa familia anaweza kuona uani kwa wazazi wako. Kwa hiyo, fundi akija, programu iwekwe kwenye simu ya mwenye nyumba, kwa barua pepe ya familia, na wengine waongezwe kama wageni. Kama umeshachelewa, mtafute fundi huyo akiondoe kifaa kwenye akaunti yake. Vifaa vingi vya aina hii havikubali mmiliki mpya mpaka wa kwanza akiachilie. Asipopatikana, waandikie waliokitengeneza, ukiwa na risiti na namba iliyo nyuma ya kifaa. Kisha chukua karatasi, uandike kila kifaa, kiko chumba gani, kiko kwa akaunti ya nani na kinawashwaje kwa mkono, uibandike ndani ya mlango wa boksi la mita. Paswadi usiziandike hapo. Hizo akae nazo mtu mmoja wa nyumbani na mwingine mmoja aliye mbali.