Klabu ya mtaani kwenye Wikipedia: maswali yenu kuhusu vyanzo na umaarufu

Wasomaji wa Kisumu, Nakuru na Kakamega wametuuliza jinsi ya kuandika makala kuhusu klabu za nyumbani. Maswali yaliyofanana tumeyaunganisha. Kanuni tunazozitaja ni za Wikipedia ya Kiingereza, kwa sababu huko ndiko makala mengi ya klabu zetu yanakofutwa.

Klabu yetu ya Kondele ni kongwe, imelea wachezaji hadi Ligi Kuu, na kila mtu huku anaijua. Mbona makala yake yalifutwa?

Kwa sababu hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopimwa. Kinachopimwa, ambacho Wikipedia hukiita umaarufu, ni kama watu wasio na uhusiano na klabu wameandika juu yake kwa kina, katika chombo chenye mhariri anayewajibika. Mchezaji akishahamia Gor Mahia, habari zinazoandikwa juu yake ni zake. Hazirudi kuibeba klabu iliyomlea.

Kabla ya kufungua ukurasa, fanya zoezi hili. Chapisha kila habari uliyo nayo, kisha ufute kwa kalamu mistari yote inayohusu mpinzani, matokeo, ratiba ya wiki ijayo na maneno ya kocha baada ya mechi. Soma kilichobaki. Klabu ndogo za huku huandikwa zaidi zinapokutana na Gor au AFC Leopards kwenye Kombe la FKF, shirikisho la soka la Kenya. Gazeti hutoa nusu ukurasa, lakini ukishapitisha kalamu unabaki na sentensi moja: timu inatoka Kisumu na inacheza daraja fulani. Hiyo ni kutajwa tu. Habari inayosaidia ina aya kadhaa kuhusu klabu yenyewe: nani aliianzisha, inapata wapi fedha, kwa nini ilihama uwanja, mgogoro wa viongozi ulivyoisha, ilivyopanda daraja.

Lenga habari tatu za aina hiyo, kutoka vyombo tofauti. Kanuni haitaji namba, ila kwenye mjadala wa kufuta, ambao kwa kawaida huendeshwa siku 7, mtu atakuuliza: zilete tatu bora. Ukileta viungo 25 vya matokeo ya mechi, wengi watafungua viwili au vitatu vya mwanzo kisha wapige kura ya kufuta. Na taarifa moja ya mdhamini iliyonakiliwa na magazeti manne ni chanzo kimoja, tena si huru.

Je, kuna daraja ambalo klabu ikilifikia inakubaliwa moja kwa moja?

Hakuna. Daraja linakuonyesha tu uwezekano wa kupata habari. Klabu ya Ligi Kuu haikosi kuandikwa. Ya Ligi ya Supa ya Kitaifa (NSL) hutegemea msimu. Ya ligi ya kaunti huwa haina kitu. Mashindano makubwa ndiyo hubadilisha hali. Vihiga Queens waliposhinda mchujo wa CECAFA (ukanda wa Afrika Mashariki na Kati) mwaka 2021 na kwenda Misri kwenye Ligi ya Mabingwa ya CAF ya wanawake, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa inaanza, waliandikwa hata na vyombo vya nje ambavyo havijawahi kutia mguu Mbale, kaunti ya Vihiga.

Ukurasa wetu wa Facebook una kila kitu. Na RSSSF je? Redio?

Facebook ya klabu unaweza kuitumia kwa mambo madogo yasiyo na ubishi, kama rangi za jezi au jina la kocha wa sasa. Haithibitishi umaarufu hata ikiwa na wafuasi laki moja. Usiitumie pia kwa idadi ya mashabiki wala kwa dai la "klabu ya kwanza Nyanza".

RSSSF, tovuti ya takwimu za soka, ni nzuri kwa misimamo ya ligi ya miaka ya nyuma: nani alimaliza wa ngapi, nani alishuka. Ni majedwali, kwa hiyo inathibitisha ukweli bila kuipa klabu uzito. Kipindi cha redio kinafaa ikiwa kimehifadhiwa mahali msomaji anaweza kukisikiliza, na taja dakika ambapo jambo limesemwa. Lakini mahojiano na mwenyekiti wako, yawe ya redio au ya gazeti, ni mwenyekiti anayejisemea.

Kuna mtego mwingine: tovuti za kamari na za matokeo zenye aya ya "historia ya klabu". Nyingi zimeinakili kutoka Wikipedia yenyewe. Linganisha sentensi kabla ya kunukuu.

Klabu ilivuma miaka ya 1970 na mtandaoni hakuna kitu. Nifanyeje?

Chanzo hakilazimiki kuwa mtandaoni. Gazeti la karatasi linakubalika kikamilifu ukiandika jina la gazeti, tarehe, kichwa cha habari, mwandishi na ukurasa. Nenda maktaba ya umma iliyo karibu nawe uulize majalada ya zamani. Yakikosekana, maktaba ya McMillan Memorial na Nyaraka za Taifa, zote Nairobi, zina magazeti ya zamani. Piga picha ukurasa mzima, pamoja na tarehe iliyo juu. Wengi hupiga picha ya habari peke yake, kisha wakifika nyumbani hawajui ni ya siku gani.

Tafuta kwa jina la wakati ule. Mwaka 1980 Luo Union iligeuka Re-Union, na Abaluhya ikawa AFC Leopards. Anayetafuta "Leopards" katika magazeti ya 1973 atatoka mikono mitupu. Shirikisho nalo halikuwa FKF bali KFF. Katika habari za miaka ya karibuni viwanja pia vinachanganya: Uwanja wa Moi na ule wa Jomo Kenyatta wa Mamboleo, ambao uliandaa Madaraka Dei ya 2021, vyote viko Kisumu, na waandishi wengi huandika tu "uwanjani Kisumu". Usikisie ni upi.

Mimi ni katibu wa klabu Nakuru. Naruhusiwa kuandika?

Unaruhusiwa kwa masharti. Tangaza uhusiano wako kwenye ukurasa wako wa mtumiaji. Kama unalipwa, hilo ni lazima. Andika kama rasimu, uipeleke ikaguliwe na wengine. Akaunti mpya haiwezi kuchapisha makala moja kwa moja hadi ifikishe siku 4 na mahariri 10, na rasimu ikikaa miezi 6 bila kuguswa inaweza kufutwa.

Kinachowaangusha makatibu ni lugha. "Klabu tishio yenye mashabiki sugu, inayojivunia kukuza vipaji vya vijana wa Bonde la Ufa" ni bango la mchango. Andika: klabu ilianzishwa mwaka fulani, ilipanda NSL mwaka fulani, inachezea mechi zake uwanja fulani, na kila sentensi uipe tanbihi yake. Huna tanbihi? Toa sentensi.

Nembo na picha?

Picha uliyopiga mwenyewe uwanjani Afraha au Bukhungu ipakie Wikimedia Commons, hifadhi ya picha za Wikipedia, kwa leseni ya CC BY-SA 4.0, inayoruhusu wengine kuitumia wakikutaja. Nembo ya klabu usiipeleke huko bila ruhusa ya maandishi ya mwenye nayo, itaondolewa. Picha ya gazeti, hapana.

Nimetafuta nikapata habari moja tu. Nikate tamaa?

Usianzishe makala, ila hiyo moja itumie. Ongeza sentensi mbili zenye tanbihi kwenye sehemu ya michezo ya makala ya mji wako, kisha tengeneza elekezo, yaani anayetafuta jina la klabu apelekwe hapo. Hifadhi kiungo cha habari hiyo kwenye Wayback Machine, tovuti inayotunza nakala za kurasa, siku hiyo hiyo, kwa sababu magazeti yetu hubadilisha anwani za kurasa kila yanapounda tovuti upya. Klabu ikipanda daraja na kuandikwa tena, elekezo hilo ndilo litakalopanuliwa kuwa makala.