Bibi ana kisukari na anataka kufunga Yom Kippur, siku ya toba ya Wayahudi

Pole dada. Umeuliza umfanyeje bibi unayemtunza, ana kisukari na ameshikilia kufunga. Usibishane naye. Mwambie mwanawe azungumze na daktari na rabi, yaani kiongozi wao wa dini, mapema, kabla jua halijazama na mfungo kuanza. Mfungo huo ni wa saa 25 hivi, hata tone la maji hakuna, lakini sheria yao wenyewe inatanguliza uhai: daktari akisema ale, basi kula ni wajibu wake. Rabi anaweza kumwelekeza ale kidogo kidogo, kwa vipindi. Kipimo cha insulini asikibadilishe bila daktari. Viatu vya ngozi siku hiyo havivaliwi, mwekee raba za kitambaa kando ya kitanda. Bibi niliyemtunza mimi alilia alipokunywa funda la kwanza. Nilimshika mkono tu, nikanyamaza.